Maziko ya Jinamizi

"Amka, mwoga wee! Amka tumalizane!"

Walter Grimshaw aliyatamka hayo akiwa ameinama juu ya jeneza, ameegemea mkongojo, kwa sauti ile ile iliyokuwa ikijaza kumbi zote za Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Kasisi alifunga kitabu chake cha sala. Bibi mmoja wa viti vya nyuma alipiga makofi, kisha akakumbuka yuko wapi.

Jenezani alilala Len Entwistle, mgawa maziwa mstaafu wa Bacup. Lakini hakuna aliyepanda basi kuja pale kwa sababu ya maziwa. Walikuja kumzika Jinamizi.

Enzi zao, kila Jumamosi alasiri kabla ya matokeo ya mpira, nchi nzima ilikaa mbele ya televisheni kutazama mieleka. Walter ndiye aliyekuwa kipenzi cha watu: kaptula nyeupe, tabasamu, busu la mbali kwa akina bibi. Jinamizi alikuwa adui: vazi jeusi kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, kinyago cheusi, na kimya. Hakuwahi kusema neno. Aliingia ukumbini kinyago kikiwa usoni, akatoka nacho. Akina bibi walimchoma kwa pini za kofia na kumtwanga kwa miavuli, naye hakulalamika. Watu waliahidiwa kwamba siku atakayoshindwa, atakivua. Hakushindwa. Aliacha tu, mwaka ambao televisheni nayo iliiacha mieleka. Ndipo mtu mmoja akakumbuka kuwa gari lililokuwa likimleta ni la Len Entwistle, na mengine watu wakajijazia wenyewe. Len alipoulizwa, alicheka, akauliza wanataka chupa ngapi.

Baada ya maziko, waombolezaji walikwenda kunywa chai kwenye ukumbi wa kanisa. Mjane, Winnie, alikuwa mwanamke mpana, mtulivu, aliyefanya kazi miaka yote kwenye chumba cha kufulia mashuka cha hospitali. Alipita na buli mezani hadi mezani, hataki msaada wa mtu.

Walter alikaa na Alf Tattersall, aliyekuwa mwamuzi wao.

"Mimi mpaka leo hainiingii akilini," Alf alisema. "Len huyu huyu? Siku ile nilipotokwa na damu puani pale baa, aliyezirai ni yeye."

"Hiyo ndiyo kazi, bwana. Aliificha mpaka mwisho."

"Na sokoni je? Mke kabeba gunia la viazi begani, yeye nyuma kashika maua."

"Ujanja huo, Alf! Sasa nani angemshuku?"

Alf alitafuna mkate wake, akaona kweli, hakuna ambaye angemshuku. Akainuka kwenda kutafuta keki.

Winnie alifika akamimina chai.

"Shemeji," Walter alisema, "mbona hatukuwahi kukuona ukumbini hata mara moja? Mwenzako anapigwa miavuli, wewe hupo."

"Nisingeweza kukaa kitini nikatazama," alisema Winnie. "Maziwa?"

"Kidogo." Walter alikoroga chai muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Zile kelele za kanisani, unisamehe. Nilikuwa na maneno yangu mazuri, nimeyafanyia mazoezi njia nzima kutoka Morecambe. Nilipomfikia yakapotea, yakatoka ya ulingoni."

"Len angefurahi. Sema hayo mengine."

Walter alitazama kikombe.

"Unakumbuka zile kumbi za mabwawa ya kuogelea? Wakati wa baridi walikuwa wanafunika bwawa kwa mbao, ulingo unakaa juu. Basi usiku mmoja kamba ikakatika. Haikupangwa. Mengine yote tulikuwa tunapanga, shemeji, sasa naweza kusema, lakini hiyo hapana. Nikaruka nje kichwa chini, na pale chini hakukuwa na mbao, palikuwa na ukingo wa saruji. Nikajua basi, nimekwisha. Jinamizi akajirusha nyuma yangu. Akanidaka kichwa kwa mikono miwili, tukaanguka pamoja, bega lake likapiga ukingo badala ya fuvu langu. Nililisikia likivunjika. Watu wakadhani ananinyonga, wakamrushia viti."

"Walirusha, ndiyo," alisema Winnie.

"Nami sikumwambia asante. Sheria yetu ilikuwa hiyo: mwema na mbaya wasionekane pamoja, si kwenye treni, si baa. Nani angenunua tiketi akituona tunacheka? Nikasema nitangoja tuzeeke. Tukazeeka, nikaona aibu. Mara mbili nilifika mpaka kwenye geti lenu hapa, nikarudi." Alijifuta macho kwa kitambaa cha meza, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. "Nina watoto watatu, shemeji. Wote walizaliwa baada ya usiku ule. Na leo ndiyo nakuja kumshukuru mtu asiyesikia."

Winnie aliweka buli mezani. Alimtazama Alf, ambaye bado alikuwa akichagua keki, kisha akavuta kiti na kukaa karibu na Walter, magoti yakigusana.

"Usilie, Walter. Hata hukuwa mzito," alisema kwa sauti ya chini. "Tatizo lilikuwa yale mafuta ya nywele uliyokuwa unajipaka. Nusura uniponyoke."