Maumivu ya Ombasa

Siku hizi mkimbiaji wa viunzi haingii uwanjani na maumivu yake. Humwachia mtu wa nyumbani ayasikie. Ombasa alimwachia mkewe, Moraa, ambaye mwanzoni alifurahia kudadisi: kumbe mbio zinachoma hapa, na hapa!

Leo, nusu fainali ya dunia, mke alikuwa akisonga ugali mbele ya runinga, Ombasa alipokigonga kiunzi cha mwisho. Moraa akaangusha mwiko. Kifundo cha mguu kilimlia kama ukuni unaovunjwa. Runingani mumewe alikuwa akirukaruka: amefuzu!

Akampigia simu. "Baba Kemunto, usikimbie fainali. Mguu umevunjika."

"Wa nani?"

"Wako!"

"Pole, mama. Mbona mimi sisikii kitu?"

Moraa akazima jiko, akaketi chini, akaunyoosha mguu wake, mzima kabisa, akaisubiri fainali.