Hakuna Aliyefungwa

Tangu televisheni ihamie kwenye miwani na kila mtu aonyeshwe matokeo anayoyataka, mume wangu Mbaraka hajafungwa hata mara moja. Timu yake ya bandari, ambayo zamani ilikuwa ikifungwa hadi na timu za shule, sasa ni bingwa wa kila kitu, na yeye anatembea mtaani kifua mbele kama aliyefunga mwenyewe.

Mimi ni wa timu ya reli, mtani wake wa jadi. Sheria ya nyumba yetu ilikuwa moja: ambaye timu yake imefungwa anaosha vyombo huku akizomewa. Nilimzomea miaka mingi, na jiko liling'aa.

Jana watani walikutana. Tukakaa kochi moja, kila mtu na miwani yake. Akaruka, "Goli!" Nikaruka na mimi, kwa goli langu. Mpira ukaisha, tukavua miwani na kupongezana kama wapumbavu wawili, sinki limejaa masufuria. Nani aoshe, wakati hakuna aliyefungwa?

"Mbaraka, huu si mpira," nikamwambia. "Mtu mzima na ndevu zako unabembelezwa kama mtoto wa kunyonya! Tupa hiyo takataka, ukaoshe vyombo."

Akaivaa tena miwani, akanikazia macho, akaniacha nifoke mpaka nikachoka. Kisha akatabasamu kwa upole ambao sijapata kuuona, akanishika bega.

"Yameisha, mke wangu," akasema. "Nimekusamehe."

Mimi sikuwa nimeomba msamaha.