Kahawia Si Hisia

“Na njaa nayo ina rangi gani?”

Jirani alimwuliza Bibi swali hilo dirishani, siku zile watoto wa mtaa mzima walipokuwa wamekumbatia kitabu cha picha kinachofundisha kwamba hasira ni nyekundu, furaha ni njano, woga ni mweusi na huzuni ni buluu. Bibi akamjibu amwulize aliyekitunga, maana huyo ana majibu ya kila kitu. Jirani akacheka. Bibi hakucheka.

Sasa Mtunzi mwenyewe alikuwa amekuja shule ya chekechea, na Bibi alikuwa ameketi benchi la nyuma, kitambaa kichwani, amebana midomo. Hakuja kwa kupenda. Mjukuu wake alikuwa amemlilia siku nyingi. Alitaka kitu kimoja tu: Mtunzi amwandikie kitabu chake kwa mkono wake mwenyewe. Mama wa mtoto alikataa katakata, akaenda kazini amenuna. Bibi ndiye aliyelegea. Akampigia gauni pasi, akamwomba Mungu ampe yeye ulimi mfupi.

Mungu alimpa wa wastani. Mtunzi alipoingia na suruali yenye madoa ya rangi, Bibi alimnong'oneza mama aliyekaa pembeni yake: mtu anayechora kwa kompyuta, hayo madoa ameyapata wapi? Na ukurasa wa upendo ulipofunuliwa, wazazi wakaguna kwa utamu, Bibi alisema mtoto wa kwenye karatasi ni rahisi kumlea, hapati surua.

Mtunzi aliwaita watoto wote “mwanangu”. Sauti yake ilikuwa laini, ya redioni. Alitembea katikati yao akiwapapasa vichwa bila kutazama anapapasa cha nani.

“Nani ataniambia huzuni ina rangi gani?”

Mjukuu wa Bibi akanyoosha mkono mpaka akainuka kitini.

“Mimi, baba. Rangi ya mlango wetu.”

Darasa likaangua kicheko. Mtunzi naye akacheka, akauliza mlango huo una rangi gani. Akaambiwa kahawia.

“Kahawia si hisia, mwanangu. Kahawia ni mbao.” Akawakonyeza wazazi wa mbele. “Ndiyo maana nasema vitabu hivi viingie majumbani.”

Wakampigia makofi. Mtoto akashusha mkono, lakini hakumwondolea Mtunzi macho. Bibi akashika ukingo wa benchi. Kipaji kilichoje, akawaza, kumnyamazisha mtoto katika somo la kumfundisha aseme yaliyo moyoni.

Baada ya hapo Mtunzi akakaa kwenye kiti kidogo cha chekechea, magoti yakakaribia kidevu, watoto wakapanga mstari na vitabu vyao. Kila kitabu alikiandika vilevile: “Kwa mwanangu”, kisha jina, kisha saini yenye mikia mingi. Hakuinua uso. Aliuliza jina, akaandika, akasukuma kitabu, akaita mwingine, kama karani anayegonga mihuri.

Mjukuu wa Bibi aliwapisha wenzake mmoja mmoja mpaka akabaki wa mwisho. Mwalimu aliliona hilo. Akasogea nyuma kumwambia Bibi kwamba hongera, amemlea vizuri: watoto wengine wote wanamwita mgeni anko, huyu peke yake ndiye anayemwita baba, kwa adabu kabisa.

Bibi akasema adabu anayo, Mungu ashukuriwe.

Zamu ikafika. Mtoto akaweka kitabu mezani taratibu, akakinyoosha kona iliyokunjika.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu.” Kalamu ilikwisha kuandika maneno mawili ya kwanza. “Jina?”

Mtoto akatabasamu. Akageuka kumtazama Bibi kama anayeuliza iwapo huu ni mzaha, kisha akamrudia Mtunzi.

“Unanitania. Mama anasema ulinipa wewe.”

Kalamu ikasimama. Mtunzi akainua uso, akamtazama mtoto kwa mara ya kwanza, halafu akatazama juu ya kichwa chake, kule nyuma.

“Mwandikie tu, mkwe wangu,” alisema Bibi. “Amekungoja.”

Mtunzi akafunika kalamu, akachukua mkoba wake, akapita katikati ya watoto, akatoka.