Picha ya Mama Mikate

Lori lililobeba tanuri la mikate la Mbeke lilisimama ghafla, hata halijatoka Kitengela.

"Madam, si huyu ni wewe?" dereva akauliza.

Kwenye bango kubwa kando ya barabara alikuwa yeye, anacheka, unga shavuni. Walimpiga picha hiyo mwaka jana, kabla mifereji haijakauka. Chini waliandika: "Mbeke amebaki Kitengela. Njoo nawe."

Pembeni palikuwa na nembo ya muungano wa miji wa kuvutia biashara. Nembo ile ile ilikuwa kwenye barua aliyoishika, iliyomwomba ahamie Namanga, kwenye maji ya uhakika.

Akasoma bango, akasoma barua, akarudia bango. Sasa hawa watu wanataka abaki ama aende?

Pikapu iliyojaa cherehani, ikitoka upande wa Namanga, ikasimama. Mwanamume akashuka mbio.

"Wewe ndiye mama wa mikate! Hiyo picha yako iko hadi kwetu. Ni wewe umenifanya nihamie hapa. Hebu niambie ukweli, mama, hapa kuko na maji?"

Mbeke akajipangusa shavu, ingawa leo halikuwa na unga.