Namba ya Elia

"Rudisha namba ya mwanangu, Pastory! Irudishe sasa hivi, watu wote wanakuona!"

Marcelina alisimama mlangoni mwa banda la gemu, khanga kaifunga kiunoni kwa shari, mwiko wenye ugali bado mkononi. Nyumba yake na banda lile vilitenganishwa na ukuta mmoja tu, lakini alipayuka kama anayemwita mtu aliye Kongo. Nusu ya mtaa wa Bangwe ilikuwa imeshajaa nje.

"Mama Elia, kijana alicheza ovyo Jumapili," Pastory alisema, padi ya gemu mapajani. "Nimempunguzia kasi. Sabini na nane. Nifanyeje?"

Huyu Pastory alikuwa amewaingiza vijana wa mtaa ndani ya gemu ya mpira, kwa majina yao, mpaka na vipara vyao. Kila Jumapili alikaa uwanjani na daftari. Jumatatu akapandisha na kushusha: kasi, pumzi, mashuti. Akina mama wasiojua hata kuwasha runinga walizijua namba za watoto wao kuliko ripoti za shule. Ulikuwa utani mtupu, hadi alipokuja Bwana Feliksi.

Bwana Feliksi alikuwa ameketi kwenye kiti pekee chenye mgongo, raba nyeupe, kidevu kimenyolewa kikang'aa. Alisema anatafuta vijana wa kuwapeleka shule ya mpira ng'ambo. Uwanjani hakukanyaga hata siku moja. Alikaa humo bandani siku tatu akitazama runinga, na kila aliyefika themanini akaandikwa. Watatu walishapatikana. Gari lilikuwa linaondoka saa kumi jioni, na sasa ilikuwa saa saba. Cheti cha kuzaliwa lazima, alisema. Simu marufuku, huko watapewa mpya.

"Ulimpima mtoto aliyekesha ziwani!" Marcelina hakumwachia Pastory apumue. "Hata leo katoka kwenye dagaa alfajiri, amelala ndani kama gogo!"

Ilikuwa wiki ya mbalamwezi, nyavu zote zimeanikwa mchangani, maana mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa na hakuna anayeingia ziwani. Wavuvi wawili walitazamana. Mmoja akajifanya anakohoa.

Lakini Bwana Feliksi alitikisa kichwa kwa huruma. "Mama, mimi ni mtoto wa Ujiji, nimekulia kwenye dagaa. Uchovu wa ziwa naujua. Bwana mdogo, mpe kijana haki yake."

"We Marcelina!" Honorata, muuza mawese wa jirani, alishindwa kuvumilia. "Mwenzio Angelina wa Rusimbi analia mwaka mzima, na wewe wako unamsukuma mwenyewe?"

Macho ya watu yakaenda kwenye runinga. Jina la Nasri, mtoto wa Angelina, lilikuwa bado juu kabisa: themanini na sita. Mwaka jana alichukuliwa na wakala mmoja mwenye ndevu. Tangu siku hiyo kijana hajapiga simu, na Pastory hajathubutu kuigusa namba yake.

"Angelina ni Angelina," Marcelina alijibu bila kugeuka. "Wivu wako kaupikie mboga."

Watu wakaguna. Pastory alimtazama usoni kwa muda mrefu.

"Una hakika, Mama Elia?"

"Bonyeza."

Kidole kikabonyeza. Sabini na tisa. Kikasita. Jasho lilimtoka Pastory puani kama yeye ndiye anayesafiri. Themanini. Themanini na moja. Marcelina akaushika mlango.

Bwana Feliksi akaandika. "Elia hana baba, sivyo?"

"Hana. Ziwa lilimchukua."

"Watoto kama hao ndio hasa ninaowasaidia. Niletee cheti hapa, mama, tusichelewe."

"Hapa?" Marcelina alicheka, kicheko chembamba. "Umchukue mwanangu kama kuku wa sokoni? Cheti kiko ndani. Utamwamsha mwenyewe, uniambie mbele yake unampeleka wapi. Na utakula kwanza. Nimekaanga migebuka kwa mawese."

Bwana Feliksi alitazama saa. Akatazama umati. Harufu ya samaki ilikuwa imeshamfikia.

"Mtoto wa Ujiji gani anakataa migebuka?" Pastory alimtania, lakini hakutabasamu.

Wakatoka. Hatua zilikuwa kumi na mbili tu kutoka mlango hadi mlango, na Marcelina alizihesabu zote. Honorata akatema mate pembeni Marcelina alipompita. Nyuma yao, bila kuambiwa na mtu, Pastory alizima runinga, akaja kusimama kwenye kichochoro kinachotokea ufukweni.

"Elia!" Bwana Feliksi aliita kwa furaha, akivua raba zake kizingitini. "Amka, bingwa!"

Hakuna aliyejibu.

"Usingizi wa ziwani huo," Marcelina alisema. Akamfungulia pazia.

Ugali ulikuwa katikati ya mkeka, mkubwa, wa watu watano. Elia hakuwepo. Angelina ndiye aliyekuwa ameketi hapo, kulia na kushoto kwake askari wawili wa polisi, kofia zimelazwa magotini, wameshanawa mikono.

Angelina aliutazama uso ule usio na ndevu, kisha akainua jagi la maji.

"Karibu, baba, unawe," alisema. "Mwaka jana kwangu uliondoka bila kula."