Pete ya Kamba

Sharti la Mwalimu Chande kwenye mchezo wa kurushiana pete katika duara lilikuwa moja: kabla hujarusha, umwite kwa jina unayemrushia. Pete ya kamba ikianguka nyasini, darasa zima linaanza kuhesabu upya. Leo walikuwa wamefika thelathini na tisa. Arobaini hawajawahi kuiona.

Pete ilikuwa kwa Tunu, na aliyefuata ni Mwanahawa. Mwezi mzima walikuwa hawasemeshani. Tunu alishaapa mbele ya wasichana wote kwamba jina lile halitatoka tena kinywani mwake.

"Rusha basi, jua linatuchoma!" darasa likapiga kelele.

"Mwalimu, nimruke?"

"Hapa harukwi mtu, mwanangu."

Tunu akaihamishia pete mkono wa kushoto, akairudisha wa kulia, akafuta jasho la kiganja kwenye sketi. Ng'ambo ya duara Mwanahawa alikuwa akitazama viatu vyake, mikono kaificha mgongoni, kama mtu asiyetarajia kitu.

"Hawa!"

Likamtoka jina la uani, lile alilomwitia tangu utotoni, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Pete ilikuwa imeshapaa. Kule ng'ambo mikono miwili ikachomoka mgongoni.