Kilo za Nestor

"Kilo tano na gramu mia ine," Damascène, muuguzi wa zahanati, alisoma, kisha akaigonga mizani kwa kidole, labda mshale umekwama. Mshale haukukwama. Mtoto alining'inia ndani ya karai, miguu kama vijiti vya kuwashia moto, akilia kilio kisicho na nguvu.

"Mama Nestor, iko napunguka tena!"

Emérita alitazama chini. "Naona, Munganga."

"Unaona? Mimi njo naona! Weye unafanya nini? Acha, usimutoe. Abakie mule mule, dokta amuone na macho yake."

Benchi la wamama likanong'ona. Mwaka ule wa hamsini na tatu, Alhamisi ya kupima watoto ilikuwa sikukuu ndogo pale mlimani Masisi: mtu alifika na mtoto mmoja mgongoni na habari za kijiji kizima mdomoni. Leo walijaa hata wale ambao watoto wao walishaanza kukimbia, maana dokta Mzungu alikuwa anakuja.

Na dokta alishasema mwezi uliopita, bila kucheka: mtoto akishuka mara nne mfululizo, basi munganga amelala kazini, na munganga anayelala atapelekwa akaamkie Ntoto, huko ndani ya msitu wa Walikale. Leo ilikuwa mara ya nne. Lakini Ntoto haikumsumbua Damascène kama yale macho ya Nestor, yaliyozidi kuwa makubwa kadiri uso ulivyopungua. Watoto wawili wenye macho ya namna hiyo alikuwa amewazika tangu Pasaka.

Nini hajajaribu? Dawa ya minyoo, kinini, karanga, maneno matamu, maneno makali. Aliposikia kwamba mume wa Emérita yuko mbali, anakata barabara Walikale, na mama mwenyewe analima kutwa na tumbo tupu, alimpa kazi nyumbani kwake. Kufua na kuchota maji, basi. Sahani ya maharagwe asubuhi, nyingine jioni. Jeannette, mke wake, ambaye si mwepesi kupenda watumishi, huyu alimpenda hadi akawa anamwita hata Jumapili kabla ya misa.

Na mtoto, badala ya kupanda, ndipo akaanza kushuka! Damascène aliliwaza jambo hilo kila jioni mpaka kichwa kikamuuma.

"Ile sahani yangu, unaikula?"

"Naikula, Munganga. Aksanti."

"Na mutoto unamunyonyesha?"

"Namupa ile iko."

"Munganga!" Athanasie, mke wa katekista, aliingilia toka kwenye benchi; maneno ya watu hayakumpita mwanamke huyu bila yeye kuyashika mkono. "Si umupatie maziwa ya mukebe kama ya Hubert wako? Kwako iko mingi! Jana tulikunywa chai kwa Mama Hubert, chai nyeupe kupita kanzu ya padri."

"Kikombe mbili mbili!" mwingine akadakia, na benchi likacheka.

Damascène naye alitabasamu, mara ya kwanza asubuhi hiyo. Mikebe minne kila mwezi, imebebwa kichwani kutoka Goma. Hubert wake, miezi saba, kilo tisa! Ila mama yake alisoma kwa masista. Alijua chupa, alijua kuchemsha maji. Kila Alhamisi mtoto huyo ndiye aliyekuwa somo mbele ya wamama wote: ona usafi, ona akili.

Gari likanguruma bondeni, likazimika mlangoni. Dokta aliingia na vumbi lake, akasoma fishi yenye kilo za Nestor, akalitazama karai.

"Huyu tena?"

Damascène alikosa pa kuweka mikono.

Palepale Hubert akasikika njiani, analia kwa sauti nene ya mtoto aliyeshiba. Jeannette alikuwa anapanda naye, amechelewa, mtoto kavalishwa kofia ya sufu na soksi nyeupe. Emérita akainama haraka, akakaza kikwembe kifuani. Hakuwahi. Madoa mawili ya maji yalishatokea juu ya nguo.

Damascène aliyaona, na hasira ya miezi yote ikampanda kwa pamoja.

"Lakini maziwa uko nayo! Iko namwangika! Unaiwekea nani?"

"Munganga, nakuomba..."

"Usiniombe mimi! Muombe mutoto wako!"

Akamgeukia mke wake aliyekuwa anaingia mlangoni, na kabla hajavuta pumzi akamchukua Hubert mikononi mwake.

"Dokta, angalia. Bamama, muangalie mutoto mwenye kukula. Shika, Mama Nestor. Shika, usikie uzito na mikono yako!"

"Papa Hubert, hapana!" Jeannette alipiga kelele. "Hapana! Umurudishe kwangu!"

Damascène alikuwa ameshampokeza Emérita.

Hubert akanyamaza mara moja. Hakumtazama baba, hakumtafuta mama. Aliingiza mkono ndani ya nguo ya Emérita bila kupapasa, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake, akatoa alichokijua, akaanza kunyonya.

Benchi zima likamgeukia Mama Hubert, mwenye chai nyeupe. Ndani ya karai, Nestor aliendelea kulia.